Jicho Ndani ya Ini

Watu wa mtaa wa Waberi walinunua ini kwa Anab Kerrow kwa sababu ya kinyaa chake. Wauza nyama wengine walikuwa na mizani mipya, na kibanda cha Sadiyo, jirani yake wa mkono wa kushoto, kilikuwa na feni na kivuli kizuri. Lakini Anab alichukizwa na kila kitu, na mtu wa namna hiyo ndiye unayemtaka akushikie ini utakalolila asubuhi na mkate wa anjera. Nzi akitua juu ya nyama, Anab alikikata kile kipande akakitupa. Mteja akikohoa karibu na meza, aliambiwa arudi nyuma, bila kumung'unyiwa maneno. Visu vyake havikuguswa na mkono mwingine, hata wa mumewe.

Mumewe, Jelle, alikuwa dalali katika soko la mifugo, mtu mrefu mwenye ndevu za hina, na kila siku alirudi nyumbani akinuka ngamia. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuruhusiwa kukanyaga mkeka kabla ya kuoga. "Ngamia wenyewe wananikaribisha vizuri zaidi," alilalamika, ndoo mkononi, akielekea bafuni.

Ini la ngamia ni zito, na Anab hakuanza kwa kulitazama, alilipapasa. Kiganja chake kilijua. Mahali palipoteleza kama sabuni palikuwa pazima. Kilipogota mahali, aliligeuza ini, na pale chini akakikuta: kibofu cheupe kilichozama ndani ya nyama, pengine kikubwa kama ndimu, pengine kama ngumi. Wauza nyama walikiita jicho, kwa kuwa kilifanana na jicho la kipofu, limekodolewa na halioni kitu. Waliyaona mara kwa mara, katika maini na katika mapafu, ya ngamia, ya mbuzi, ya kondoo. Anab alilikata jicho kwa mbali, akiacha nyama nyingi kulizunguka, kwa sababu kisu kikiteleza jicho hupasuka. Maji huruka, maangavu kama ya mfereji, na nyuma ya maji hujitokeza ngozi nyeupe yenye utelezi, imejikunjakunja kama utando wa ndani ya ganda la yai. Ngozi ile ilimtia kichefuchefu kuliko kitu chochote pale sokoni. Aliishika kwa ncha ya kisu, akageuza uso, akaitupa nyuma ya vibanda.

Nyuma ya vibanda walikaa mbwa. Hawakuwa wa mtu. Walilala juu ya takataka, mbavu zimewatoka, masikio yamejaa kupe, na kitu kilipotupwa hakikuwahi kugusa ardhi. Kila muuza nyama alifanya hivyo, na wazazi wao walifanya hivyo kule mabomani. Ndiyo ilikuwa njia yao ya kusafisha. Anab hakuwatazama mbwa wale. Kuwatupia jicho tu kulimfanya atamani kunawa.

Uzito chini ya mbavu zake za kulia ulikuja polepole mno hata hakujua ulianza lini. Kwanza alishindwa kulalia ubavu ule. Kisha nguo zikaanza kumbana upande mmoja. Kisha harufu ya mafuta ya kukaangia, aliyokuwa ameishi nayo tangu usichana, ikaanza kumchafua roho. Mwenye duka la dawa alimwambia ni vidonda vya tumbo, akampa dawa nyeupe ya maji yenye ladha ya chokaa. Akainywa. Ilimtuliza kwa muda, kisha ikaacha. Mwingine alimwambia ni nyongo. Anab akabadilisha dawa, akavaa gauni pana zaidi la baati, akaendelea na kazi.

Tumbo lilipoanza kuonekana, mtaa ulianza kusema. Anab alikuwa ameshakuwa bibi, na mwanawe wa mwisho alikuwa na ndevu. Wanawake wengine walimpa pole, wengine hongera.

"Mashallah, abaayo, dada yangu, Mungu hachoki kutoa," Sadiyo alimwambia mbele ya wateja, macho yakicheka.

Anab alijibu kwamba ni gesi. Moyoni alijua si gesi. Akiwa bafuni alibonyeza kwa kidole na kuhisi kitu cha mviringo kinachorudisha kidole kama mpira. Aliondoa mkono upesi, akaunawa.

Ndipo alipokuja Eddo Fatumo kutoka Bura. Alikuwa shangazi yake Jelle, mwanamke mzee wa kutoa amri, aliyezoea kuwatibu watu na mbuzi kwa sauti ileile. Alimwona Anab akiinama kuchukua birika, mkono mmoja umeshika mbavu, akasema, "Naa, we mwanamke, hilo si tumbo la mtoto wala si gesi. Hilo ni tumbo la uzazi limehama. Likandwe lirudi mahali pake."

"Eddo, nitakwenda hospitali wiki ijayo."

"Hospitali watakukata. Yurub atalirudisha kwa mikono tu."

Yurub alikuwa mkandaji. Alikuja baada ya sala ya alasiri na kopo la samli iliyochacha. Anab alilazwa juu ya mkeka wake mwenyewe, tumbo wazi, na samli ile ikamwagwa juu yake, vuguvugu, ikamtiririka mbavuni hadi mgongoni, ikinuka kama kiriba kilichosahauliwa juani. Alikaza meno. Mikono ya Yurub ilikuwa na nguvu za mtu aliyesokota kamba maisha yake yote. Ilikanda kutoka kitovuni kwenda juu, ikakikuta kile kitu, ikakizunguka.

"Hiki hapa," Yurub alisema kwa furaha. "Kinanikimbia."

Akakibana kwa viganja viwili, akasukuma kwa uzito wa mwili wake wote.

Anab alihisi kitu kikiachia ndani. Mwanzoni hayakuwa hata maumivu. Lilikuwa joto, joto lililotandaa polepole mahali ambapo hakuna kitu kinachopaswa kutandaa. Mdomoni pakaingia ladha ya shaba. Viganja vikaanza kumwasha, kisha nyayo, kisha ngozi ya kichwa, na alipotazama mikono yake aliona vipele vikiinuka, vyekundu, vikiungana kama uji unaochemka. Alitaka kusema "Acha", lakini ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima. Eddo Fatumo alianza kusoma Kurani kwa sauti ya juu. Yurub alisimama, mikono ikimetameta samli, akisema hajafanya lolote, wallahi hajafanya lolote.

Jelle aliitwa kutoka msikitini. Alimbeba mkewe na samli yake yote, akamwingiza kwenye tuktuk, na njia nzima alimwita jina lake sikioni kwa sauti ya mtu anayezuia ngamia wasivuke barabara.

Hospitalini walimchoma sindano pajani kabla hata ya kuuliza anaitwa nani, na pumzi ikarudi.

Kesho yake alipelekwa kupigwa picha ya tumbo. Mpiga picha, Fowsiya, alikuwa msichana wa mtaa wa pili, na mama yake alikuwa mteja wa siku nyingi. Alimpaka Anab dawa baridi yenye utelezi, na Anab akafumba macho. Baada ya ile samli hakudhani angeweza tena kuvumilia kupakwa kitu maishani.

"Pole, eddo. Nikimaliza nitakufuta mwenyewe," alisema, akimwita shangazi kwa heshima.

Fowsiya aliongea habari za joto, za mama yake, za harusi ya binamu. Kisha akainamia kioo cha mashine. Kile chombo alichokuwa akikipitisha tumboni kilisimama mahali pamoja juu ya mbavu, kikasogea, kikarudi palepale. Anab alifumbua macho, akageuza shingo kuelekea kioo.

Picha ilikuwa ya weusi na kijivu, na mtu mwingine angeona moshi tu. Anab aliona ini. Aliliona kama anavyoliona mezani kwake, ukingo wake na mishipa yake. Katikati aliona mviringo mkubwa wenye ukuta mara mbili, na ndani yake miviringo mingine midogo imebanana. Upande mmoja ukuta wa ndani ulikuwa umebanduka, na ngozi yake ilining'inia ndani ya maji, ikipepea kila alipovuta pumzi.

"Hilo ni jicho," alisema.

"Eddo?"

"Jicho la ngamia. Nalitupa kila siku." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kisha akaomba ndoo, na Fowsiya aliiwahi kwa shida.

Daktari aliyekuja kumweleza alikuwa mtu wa Mwingi, mpole, mwenye mazoea ya kukaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa. Aliongea Kiswahili, na Anab akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, huyu ni mnyoo wa mbwa, jamii ya tegu, lakini mdogo sana, hafiki hata punje ya mchele. Mbwa akila ini lenye kile kifuko, minyoo inakomaa ndani ya utumbo wake. Mayai yake yanatoka na kinyesi. Yanashika kwenye manyoya, kwenye mchanga, kwenye maji. Mbuzi akiyameza, yanaanguliwa, na kile kiluwiluwi kinakwenda kwenye ini kujijengea kifuko. Mtu akiyameza ni vilevile. Kifuko kinakua taratibu, miaka na miaka, bila kelele."

Anab alimsikiliza hadi mwisho. "Daktari, unasema mimi nakula mafi ya mbwa?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Ni kitu kisichoonekana kwa macho, mama."

"Lakini nakula."

"Ndiyo. Ulikula."

"Lini?"

"Hilo hakuna anayeweza kujua. Labda ni hapo sokoni, miaka mingi nyuma. Labda ulikuwa mtoto bado."

Jibu hilo lilimtesa kuliko yote. Angeijua siku yenyewe, angeichukia hiyo peke yake na kuziacha nyingine. Sasa ilimbidi azichukie zote. Akiwa amelala pale wodini alianza kuzipitia moja baada ya nyingine. Alikumbuka boma la baba yake huko Bura, na mbwa wa rangi ya majivu aliyefugwa kwa ajili ya kufukuza fisi. Mbwa yule alipotia ulimi kwenye chombo cha maziwa, mama yake alikiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini ilivyoagiza, na kila mtu akaridhika. Lakini watoto waliegemea mbuzi walewale aliowaegemea mbwa, wakacheza kwenye mchanga uleule aliojisaidia juu yake, kisha wakaingiza mikono kwenye sahani moja. Alikumbuka tende zilizoanguka chini, zikapulizwa vumbi, zikaliwa. Alikumbuka saruji ya sokoni inavyopoa jioni, na mbwa wanavyokuja kuilalia vibanda vikishafungwa. Na yeye, mwanamke msafi wa Waberi, asubuhi anaweka juu ya saruji hiyohiyo kipande chake cha mkate huku akimimina chai. Kila kumbukumbu iliyomjia ilikuwa na kinyesi ndani yake.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya kudhoofisha minyoo, vya kumeza kwa wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa. Eddo Fatumo alikuwa ameshaondoka, na kwa maneno yake mwenyewe, ni mikono ya Yurub iliyougundua ugonjwa ambao madaktari wasingeuona. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana naye.

Anab alisugua ulimi kwa mswaki hadi ukatoka damu. Alioga asubuhi, akaoga adhuhuri, akaoga jioni, na kila alipojimwagia maji alipandwa na hasira, kwa sababu maji hayakufika kule. Maisha yake yote uchafu ulikuwa nje, yeye alikuwa ndani, na kati yao palikuwa na sabuni. Sasa uchafu ulikuwa umeingia ndani na kufunga mlango. Chakula alikitazama kabla ya kula kama mtu anayesoma barua ya kesi. Alijitenga: sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake, mkeka wake kando ya ukuta. Mjukuu wake alipokimbia kuja kumkalia, alimzuia kwa mkono ulionyooka, na mtoto akabaki amesimama, mdomo wazi.

"Daktari alisema hauambukizi mtu kwa mtu," Jelle alimkumbusha.

"Sijali alichosema daktari. Niulizie kwa shekhe kama sala zangu zinafaa."

Jelle alikwenda, akarudi. "Shekhe anasema kila mtu ana uchafu tumboni. Kama huo ungebatilisha sala, hakuna ambaye angesali tangu Adamu. Kilicho ndani hakihesabiwi hadi kitoke."

"Na kikitoka?"

"Kikitoka, utanawa. Sasa rudisha mkeka wako mahali pake."

"Jelle, nina maji ya mbwa ndani yangu."

"Mimi nimeingiza mkono ndani ya ngamia hadi kwapani," Jelle alisema, "nikatoa ndama aliyeoza, kipande kwa kipande. Ulinimwagia maji, ukanipa chakula, ukalala. Nyamaza." Akauvuta mkeka wake mwenyewe, akautandika pale kando ya ukuta, sambamba na wa mkewe. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa ameoga, na Anab hakuwa na nguvu ya kumfukuza.

Sokoni habari ilifika kabla yake. Siku aliyokwenda kuangalia kibanda alikuta Sadiyo ameisogeza meza yake mbali, na kati ya meza zao pamebaki pengo la kupitisha punda.

"Si mimi, abaayo," Sadiyo alisema, akikwepa macho yake. "Ni wateja. Wanauliza kama ugonjwa wako unaruka."

Mteja mmoja wa zamani, mzee aliyekuwa haanzi siku bila ini la Anab, alimpita akimsalimia kwa heshima zote, akaenda kununua kwingine, na aliponyoosha mkono kupokea mfuko wake alijifuta kiganja kwenye kikoi, bila kujua. Anab aliijua ishara ile. Ilikuwa yake mwenyewe. Walikuwa wamekinunua kinyaa chake miaka yote ile, na sasa walikuwa wakimrudishia.

Alipasuliwa mwishoni mwa msimu wa joto, nywele zake zikiwa zimepungua kwa ajili ya vidonge na vitana vikijaa kila asubuhi. Daktari wa Mwingi alimweleza kwamba Mungu alimkinga: siku ile ya Yurub kifuko kilivuja kidogo tu, kingefumuka chote asingefika hospitali. Lakini kile kilichovuja kinaweza kuwa kimemwaga mbegu, na mbegu moja inaweza kuota kifuko kipya.

"Kama magugu," Anab alisema.

"Kama magugu, mama. Kwa hiyo tutakuwa tunakupiga picha kila mara, kwa miaka mingi."

"Daktari, sikia. Nataka kuona hiyo kitu. Ukitoa, usitupe."

Daktari alijaribu kumkatalia, akaona hakataliki.

Alipoweza kuketi, nesi alimletea beseni lililofunikwa. Anab alilifunua mwenyewe. Ndani palikuwa na ngozi nyeupe, nzito, imejikunja kama kitambaa kilicholowa, na kuizunguka, ndani ya maji yaliyogeuka rangi ya majani ya chai, vilielea vibofu vidogo vingi, vingine kama zabibu zilizomenywa, vingine kama macho ya samaki. Alipoliinamisha beseni, vilibingirika pamoja kwenda upande mmoja, vikagongana taratibu, bila sauti. Alifikiri angetapika, na mwili ulijaribu, lakini maumivu ya mshono yalimzuia, akabaki ameshika tumbo, machozi yakimtoka.

Hakulifunika. Alitazama kwa muda mrefu. Kitu kile kilikuwa kimekula kila alichokula. Kilifunga Ramadhani pamoja naye na kufuturu pamoja naye. Kilikuwepo alipowazaa watoto wa mwisho, pengine. Waliishi jirani, mtoto na kibofu, ukuta kwa ukuta. Wazo hilo lilikuwa baya kuliko beseni lenyewe.

"Kichomwe," alimwambia nesi. "Usitupe nje. Mbwa atakula."

"Tunachoma, mama."

"Uende uangalie kwa macho."

Nesi akaenda, au alisema amekwenda.

Anab alipona polepole, na kovu refu lililopinda kufuata mbavu. Alirudi sokoni akiwa mwembamba, na jambo la kwanza alilofanya halikuwa kuuza. Alimleta Jelle na sururu, akamwonyesha mahali nyuma ya vibanda. Mbwa walisogea kidogo, wakakaa kutazama. Jelle alichimba hadi shimo likamfika mabegani, wakaweka juu yake bati zito lenye kishikio. Tangu siku hiyo kila jicho alilolikata Anab liliingia shimoni, na jioni lilimwagiwa mafuta ya taa likachomwa.

Harufu yake ilikuwa ya kutisha, nywele na nyama mbichi na mafuta ya taa, na upepo uliileta moja kwa moja kwenye vibanda. Wauza nyama walipiga kelele.

"Tangu zamani mbwa wanatusaidia," Sadiyo alisema. "Sasa tunavuta moshi wa maradhi yako."

"Ni maradhi yetu sote," Anab alimjibu. "Mimi nimetangulia tu kujua."

Mkaguzi wa nyama alikuwa upande wake, akawasemesha wauzaji vizuri. Baadhi yao walianza kuleta mapafu na maini mabovu shimoni, hasa mkaguzi akiwapo. Wengine walitupa nyuma kama kawaida, nao mbwa hawakupungua sana. Wateja walirudi mmoja mmoja. Kuna ambao hawakurudi kabisa. Ini lenyewe Anab aliendelea kuliuza. Kulila alishindwa, na Jelle akitaka la asubuhi alilila hotelini, akarudi amenawa mdomo.

Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha kidoti nyuma ya ini, kidogo kama punje ya mahindi. Huenda kilikuwa kovu, huenda kilikuwa kifuko kingine. Daktari alisema kingojewe, kichunguzwe tena, akampa vidonge. Anab alirudi nyumbani akajifungia bafuni, akaoga mpaka ndoo ikaisha. Kisha akatoka, akapika. Hakukizoea. Aliwahi kumwambia Jelle kwamba watu wanaosema mtu huzoea kila kitu hawajawahi kuwa na kitu cha kuzoea.

Msimu wa mvua za vuli timu ya madaktari ilikuja na mashine ndogo ya kupiga picha, wakaweka meza kwenye jengo la shule, wakawaita wafugaji na wauza nyama wote. Jelle alikwenda kwa shingo upande, akakutwa mzima kama ngamia dume, akarudi akijisifu hadi Anab akamwambia anyamaze.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Sadiyo alibisha hodi nyumbani kwa Anab. Hakuwa amefika pale tangu habari ya ugonjwa ianze. Alisimama mlangoni, hijabu ameivuta hadi kidevuni.

"Wamekiona kimoja," alisema. "Kwenye ini. Wanasema ni kama ndimu."

Anab alimkaribisha ndani. Sadiyo aliketi ukingoni kabisa mwa mkeka, mikono imekingama juu ya tumbo, na Anab alipoitazama mikono ile, na kufikiri kilichokuwa chini yake, mate yalimjaa mdomoni na roho ikamchafuka. Alijaribu kukizuia kile kinyaa na hakikuzuilika. Alimwona Sadiyo akikisoma usoni mwake, na kuinamisha kichwa.

Basi hakujifanya hana kinyaa. Alisogea, akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Vidonge vitakutia kichefuchefu," alisema. "Usivimeze na maji matupu. Vinywe na maziwa ya ngamia, au ule kitu chenye mafuta kwanza. Na mkandaji yeyote akija na samli, mfungie mlango."

"Na nywele?"

"Zinapukutika. Zinarudi."

Sadiyo aliigusa hijabu yake kichwani. "Nasikia uliomba kukiona."

"Nilikiona."

"Kikoje?"

Anab alifikiri kumdanganya. Kisha alimwambia: ile ngozi nyeupe inavyojikunja, vile vibofu vidogo vinavyobingirika pamoja, maji ya rangi ya chai. Sadiyo alijiziba mdomo kwa ncha ya hijabu, macho yamemtoka, akatikisa kichwa kama mtu anayekataa, lakini Anab alipokoma, Sadiyo alimshika mkono.

"Kinanuka?"

"Hapana," Anab alisema. "Hakina harufu hata kidogo. Hilo ndilo utakaloliona baya zaidi."

"Endelea," Sadiyo alisema.